Kabla ya Mfupa, Kinga: Kipandikizi cha Jino Kinapokutana na Damu

(Hotuba kwa mkutano wa madaktari na wanafunzi wa tiba ya meno. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokosa. Picha za ukutani nimeziacha.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, madaktari wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, habari za asubuhi.

Nianze na swali. Umeshatoboa taya, umeshika kipandikizi, ile skrubu ya kubeba jino bandia, umekizungusha taratibu mpaka kimekaza. Ni nani wa kwanza kukigusa?

Nimesikia "mfupa". Nilijua mtasema mfupa, maana ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo vipeperushi vya wauzaji vinavyochorwa: skrubu ya kijivu, mfupa mweupe, basi. Mfupa unachelewa kufika. Wa kwanza ni damu. Ndani ya damu wamo askari wa kinga, nao wanafika, wanakagua, wanaitana, wanagombana kidogo, kisha wanaamua. Mfupa unakuja baada ya uamuzi huo, au hauji kabisa.

Nina jambo moja tu leo, na nitalirudia mpaka mchoke. Uso wa kipandikizi hauongei na mfupa moja kwa moja. Unaongea na kinga, na kinga ndiyo inayoongea na mfupa.

Turudi nyuma mpaka mwaka 1882, mjini Messina, kisiwa cha Sicily. Mtaalamu wa wanyama Ilya Mechnikov alibaki nyumbani peke yake. Familia ilikuwa imekwenda kwenye sarakasi kutazama nyani waliofunzwa michezo. Yeye akainamia hadubini yake, akatazama viluwiluwi vya kiti cha pweza, viumbe vidogo mno, vinavyopenyeza mwanga kiasi kwamba unaona kila seli inayotembea ndani. Likamjia wazo: je, seli hizi zinazotembeatembea ndizo zinazomlinda mnyama? Kama ndivyo, basi nikimchoma kwa kitu kigeni zitakikimbilia. Akatoka kwenda bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaichomeka chini ya ngozi ya viluwiluwi vile. Usiku hakupata usingizi. Alfajiri akatazama: seli zimeuzingira mwiba pande zote.

Kiluwiluwi kile hakina mishipa ya damu. Lakini seli zilijua kuna mgeni na zikamwendea. Kutokana na kazi hiyo tukapata elimu ya seli zinazomeza, na mwaka 1908 Mechnikov akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Sasa niulize. Sisi tunapochomeka skrubu ya titani kwenye taya, tunafanya nini tofauti na Mechnikov? Mwiba wetu ni mkubwa zaidi, milimita 10 kwenda chini na milimita 4 upana, kwa kukadiria. Mwiba wetu ni safi zaidi. Lakini ni mwiba. Seli zitaukimbilia. Swali si kama zitakuja. Swali ni zitaukuta uso wa namna gani.

Hapa wapo wanaotaka kuniuliza: daktari, titani si madini ambayo mwili hauyaoni? Nimelisikia hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Tuliambiwa titani "imenyamaza", haidhuru wala haidhuriwi, mwili unaipita kama haipo.

Asili ya imani hiyo ni hadithi nyingine, nayo wengi mnaijua nusu. Mwaka 1952, huko Lund nchini Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza jinsi damu inavyopita kwenye mishipa midogo ndani ya mfupa. Alitengeneza kijichumba cha titani chenye dirisha la kutazamia, akakipachika kwenye mfupa wa mguu wa sungura. Uchunguzi ulipokwisha akataka kukitoa akitumie tena, maana vyombo vile vilikuwa ghali. Hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekikumbatia. Miaka 13 baadaye, mwaka 1965, alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya taya la chini, na mgonjwa yule aliendelea kuvitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Zaidi ya miaka 40!

Mnaona kichekesho kilichojificha hapo? Mtu yule alikuwa anatazama damu. Sisi tuliomfuata tukachukua mfupa, damu tukaisahau.

Na titani haijanyamaza. Ikigusa hewa tu, papo hapo inavaa utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache. Utando huo ndio unaokutana na mwili. Titani yenyewe imejificha nyuma yake. Utando unabeba chaji, unavuta maji au unayakataa, unashika protini. Mwili unauona vizuri sana. Tangu mwaka 2014 hivi, Tomas Albrektsson na wenzake, watu wa shule ileile ya Sweden, wamekuwa wakisema wazi kwamba huku kushikamana tunakokusifu ni namna ya mwili kumzuia mgeni: umeshindwa kumla, umeshindwa kumtoa, basi umemjengea ukuta wa mfupa, na amani inadumu maadamu mizani haijapinduka. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ingawa sikushauri umwambie mgonjwa hivyo akiwa bado amelala kwenye kiti na mdomo wazi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipandikizi kizuri ni mgeni wa aina hiyo: ujio wake unamwamsha mwenyeji, mwenyeji anaanza kazi ya kutengeneza. Mgeni mbaya anamwamsha pia, lakini ugomvi hauishi.

Sasa tuingie ndani. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Sekunde za kwanza hakuna seli inayogusa titani. Zinazotangulia ni maji na chumvi, halafu protini za damu. Albumini inafika mapema kwa sababu ni nyingi na ni ndogo. Fibrinojeni inafuata. Nyingine zinakuja na kuziondoa zilizotangulia. Jambo hili tunalijua kutokana na Leo Vroman, Mholanzi aliyekwenda kuishi Marekani, mtaalamu wa damu na wakati huohuo mshairi mashuhuri wa lugha yake. Katika miaka ya 1960 alikuwa akiweka plazima, ile sehemu ya majimaji ya damu, juu ya kioo na kuifuatilia kwa kingamwili zinazoitambua fibrinojeni. Akaona ajabu: muda mfupi sana baada ya plazima kugusa, fibrinojeni inaonekana juu ya kioo, ukisubiri kidogo tu, haionekani tena. Nyingine zimekalia nafasi yake. Nani mwingine angekuwa na subira ya kukodolea macho kioo kinachobadilishana protini, kama si mshairi?

Kwa nini nawasumbua na protini? Kwa sababu seli ya kinga haina mikono ya kushika titani. Ina vipokezi vya kushika protini. Inachosoma ni ile safu ya protini, na safu ile inapangwa na uso. Uso unaokataa maji huzifanya protini zilale vibaya, nyingine zikunjuke na kuonyesha sehemu zilizokuwa zimefichwa ndani, na seli ikisoma sehemu hizo inasoma hatari. Uso unaopenda maji huzipokea protini zikiwa karibu na umbo lake la asili.

Wanafunzi, siku mkipata nafasi, simameni karibu na daktari anayeweka kipandikizi kilichotunzwa ndani ya maji ya chumvi tangu kiwandani. Msitazame uso wa daktari, tazameni ncha ya skrubu inapokaribia tundu lenye damu. Damu inaruka. Inapanda yenyewe kwenye hesi, ile mizunguko ya skrubu, inazunguka, inajaa vibonde vyote kabla skrubu haijaanza kuzungushwa. Halafu tazameni kipandikizi kilichokaa kikavu kwenye kifuko chake muda mrefu. Damu inasita. Inajikunja tone pembeni, na ndani ya hesi unabaki mwanya mdogo wa hewa. Titani ileile. Umbo lilelile.

Tofauti imetoka wapi? Imetoka hewani. Titani iliyotoka kuoshwa kwa asidi inapenda maji kupita kiasi, lakini chembechembe za kaboni zilizomo katika hewa ya kawaida hukaa juu yake, na kundi la Takahiro Ogawa huko Los Angeles lilionyesha kwamba ndani ya wiki 4 uso ule unakuwa wa kukataa maji. Ndiyo maana wengine wakaamua kuvitunza vipandikizi ndani ya maji ya chumvi, na wengine wakavirudishia hali yake kwa mwanga wa urujuanimno kabla ya kuvitumia.

Haya. Protini zimekaa, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeganda na kumwaga vichochezi vyake, donge la damu limeshika. Neutrofili, seli nyeupe za damu, zinaingia, nyingi, za haraka, zenye hasira. Zinaua vijidudu, nyingine zinatupa nje nyuzi za DNA yake kama mtego, kisha zinakufa. Sitakaa sana hapo. Zikifa na kuondolewa kwa wakati, vizuri. Zikiendelea kumiminika, kuna tatizo.

Anayenivutia mimi ni anayefuata. Makrofaji. Huyu ni yule wa Mechnikov, mlaji mkubwa. Anafika kama monositi, aina ya seli nyeupe, kutoka kwenye damu, siku ya kwanza au ya pili, anakua hapohapo, anajaribu kumeza. Yeye upana wake ni kama mikromita 20, na mbele yake kuna skrubu ya milimita 10. Atamezaje? Hawezi. Basi anajitandaza juu yake, anaipapasa, na mapapaso yale ndiyo yanayomfundisha awe makrofaji wa namna gani.

Ziko pande mbili, na naomba mnielewe kwamba katikati kuna ngazi nyingi. Upande mmoja ni makrofaji wa vita, anayemwaga vichochezi vya uvimbe: TNF-alfa, interleukini-1 na interleukini-6. Upande wa pili ni makrofaji wa ujenzi, anayetoa interleukini-10, kitulizo cha uvimbe, na kuita mishipa mipya ya damu na seli shina, zile changa zinazoweza kuwa mfupa. Tunawahitaji wote wawili. Vita bila ujenzi ni kidonda kisichofunga. Ujenzi bila vita ni nyumba juu ya taka. Kinachotakiwa ni vita vifupi, kisha zamu ibadilike ndani ya siku za mwanzo, kabla wiki ya kwanza haijaenda mbali.

Uso unaingiaje? Unaingia kwa maji, kama tulivyoona, na unaingia kwa umbo. Mwaka 1981 Rich na Harris waliwapa makrofaji uso laini na uso wenye mparuzo wachague. Makrofaji wakachagua mparuzo, kinyume kabisa na fibroblasti, seli zinazotengeneza kovu. Mwaka 2013 kundi moja huko California likaenda mbali zaidi: likawalazimisha makrofaji wa panya wakae kwenye mistari myembamba hadi miili yao ikarefuka. Hawakupewa dawa. Hawakupewa kichocheo chochote. Kurefuka tu kukawasogeza upande wa ujenzi. Hebu fikirini! Umbo la kitanda linabadili tabia ya anayelala.

Na kwenye titani? Rene Olivares-Navarrete na wenzake waliweka makrofaji juu ya titani laini, titani yenye mparuzo, na titani yenye mparuzo inayopenda maji. Ile laini ilichochea zaidi vichochezi vya vita. Ile yenye mparuzo na kupenda maji kwa pamoja ilipunguza vita na kuongeza dalili za ujenzi. Tena walipowaondoa makrofaji katika panya, titani ikabaki ileile nzuri, lakini seli shina zilizoifikia zilipungua. Kama uso ungekuwa unaongea na mfupa moja kwa moja, ungejali nini kuhusu makrofaji? Lakini haukuwa na wa kumtuma.

Sasa wauzaji wakija na jedwali lao lenye rangi mbili, nyekundu kwa wabaya na kijani kwa wazuri, waulizeni jambo moja: seli hizo zimetoka kwa nani? Majaribio mengi ya maabara hutumia seli za ukoo uitwao THP-1, zilizotolewa kwa mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa na saratani ya damu. Ni seli za manufaa sana. Lakini mgonjwa wako ana miaka 60, ana kisukari, anavuta sigara, na makrofaji wake wamekwishakuwa na hasira kabla hujawasha mashine. Sukari iliyopanda huwabakiza upande wa vita. Hakuna uso wa kiwandani uliopimwa juu ya THP-1 utakaokufanyia kazi ya kumwambia mtu huyo adhibiti sukari yake.

Kwa upande wa kliniki, mabadiliko ya uso hayajawa maneno matupu. Brånemark alisubiri miezi 3 kwa taya la chini na miezi 6 kwa taya la juu kabla ya kupachika meno. Vipandikizi vyake vilichongwa tu kwa mashine. Ulipokuja uso unaopigwa kwa punje kisha kuchomwa kwa asidi, kusubiri kukashuka hadi wiki 6 hivi kwa mfupa mzuri, na ulipokuja ule unaotunzwa ndani ya maji ya chumvi, wiki 3 au 4. Leo uso tunaouona wa wastani unaofaa una mparuzo wa kati ya mikromita 1 na 2, kwa kipimo walichokipendekeza Albrektsson na Ann Wennerberg mwaka 2004. Chini ya hapo mfupa unashika polepole. Juu ya hapo tunaingia kwenye shari.

Shari gani? Hapa ndipo naomba tusisinzie hata kidogo.

Kila nilichokisifu kinahusu uso ulio ndani ya mfupa. Kipandikizi lakini kina shingo, na shingo inapita kwenye fizi, na mdomoni kuna bakteria ambao nao wanapenda mparuzo. Jino la asili linalindwa na nyuzi za kolajeni zinazoingia kwenye mzizi wake kwa upande, zimelishika na kuziba njia. Kwenye kipandikizi nyuzi hizo zimelala sambamba na titani. Hazijaingia popote. Ukoga ukishuka, njia iko wazi.

Ndipo kinga ileile tuliyoisifu inageuka. Ukichukua kipande cha tishu kutoka kwa mtu mwenye periimplantitisi, yaani uvimbe unaokula mfupa kuzunguka kipandikizi, ukakilinganisha na cha mtu mwenye ugonjwa wa fizi wa kawaida, unaona eneo lililovamiwa limezidi maradufu, na neutrofili na seli za plazima, zile zinazotengeneza kingamwili, zimejaa. Kwenye jino, tishu yenye afya hubaki katikati na kuutenga uvimbe na mfupa. Kwenye kipandikizi uvimbe unafika hadi mfupani. Seli za kinga zinatoa ishara iitwayo RANKL, osteoklasti, seli zinazokula mfupa, zinaamka, mfupa unaliwa. Na osteoklasti ni nani? Ni ndugu wa makrofaji, wa ukoo uleule wa monositi. Aliyejenga na anayebomoa wametoka tumbo moja.

Katika majaribio ya mbwa, watafiti walianzisha ugonjwa huu kwa kufunga uzi shingoni mwa kipandikizi ili ukoga ujikusanye, kisha wakauondoa uzi na kungoja. Kwenye uso laini ugonjwa ulitulia zaidi. Kwenye uso wa kupigwa punje na asidi ulisonga mbele. Uso ulioharakisha kushika ndio huohuo uliochelewesha kupona. Ndiyo maana mimi binafsi sina haja na uso wenye mparuzo unaopanda mpaka juu kabisa shingoni, hata kama kipeperushi kinameremeta. Kwa mgonjwa aliyewahi kupoteza meno kwa ugonjwa wa fizi, nitachagua shingo laini na kusubiri wiki kadhaa zaidi. Wapo humu wasiokubaliana nami, nawaona, tutaongea wakati wa chai.

Basi tufanye nini kesho asubuhi? Msiguse uso wa kipandikizi kwa glavu wala msikisuguesugue kwenye shavu kabla hakijaingia. Mate yakitangulia damu, safu ya kwanza ya protini imekwishachafuliwa. Fungueni kifuko dakika ya mwisho. Ondoeni saruji yote ya meno iliyobaki chini ya fizi, maana kwa makrofaji nayo ni mwiba mwingine.

Na siku mnapopachika jino bandia juu ya kipandikizi, pigeni eksirei. Siku hiyohiyo. Kwa makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2017, kama huna picha ya mwanzo ya kulinganisha, utalazimika kusubiri dalili kubwa ili uite ugonjwa: damu au usaha fizi inapopimwa, kina cha milimita 6 au zaidi, na mfupa uliorudi nyuma milimita 3 au zaidi. Milimita 3 ni nyingi mno kuzipoteza kwa kukosa picha moja. Kila mgonjwa anaporudi, pimeni taratibu kuzunguka kipandikizi, pande zote, na andikeni namba kwenye faili lake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali nayapokea sasa, tuanze na yule dada mwenye daftari pale nyuma.